MAONI: Uza ploti mwenyewe au tafuta ajenti, lakini usikubali mtu aweke cha juu

Ukipita barabara ya Kangundo au ile ya Namanga, hutakosa kuona ukuta au kibati kilichoandikwa kwa rangi nyekundu: "Shamba hili haliuzwi." Mwenye ardhi analazimika kutangaza kwamba hauzi. Anajua kuna watu wanaoweza kuonyesha mteja mali yake akiwa kazini mjini, wapokee pesa, na yeye aje kupata habari tingatinga likiwa limeshaingia.

Sasa fikiria siku ambayo unataka kuuza kweli. Labda ni ile ploti ya 50 kwa 100 uliyonunua kupitia chama ulipopata kazi ya kwanza, au ni kipande ulichogawiwa na wazazi kule ushago. Karo ya mdogo wako imekwama, ama unatafuta mtaji, ama umechoka kungoja lami na stima ulizoahidiwa siku ya kununua. Unamwambia mtu mmoja tu. Kufikia jioni, simu kumi zimeingia. Kila anayepiga ana mteja, na mteja wa kila mmoja ako tayari na pesa zake. Halafu wote wanakuuliza swali lile lile: "Wewe yako unataka ngapi? Mimi nitajipanga hapo juu."

Hapo ndipo vijana wengi huchezwa. Tumezoea kubishana kama ni heri kuuza mwenyewe ili uokoe ada ya ajenti, au kumwachia ajenti ili uokoe muda wako. Maoni yangu ni kwamba njia zote mbili zinaweza kukufikisha. Inayokumaliza ni ya tatu, ile ya kumruhusu mtu aweke cha juu bila wewe kujua mnunuzi analipa pesa ngapi.

Tuanze na hesabu. Tuseme una ploti ndani ya manispaa, pale Ruiru kwa mfano. Ulinunua Sh800,000 na leo unataka Sh2.8 milioni. Ukienda kwa ajenti aliyesajiliwa mkubaliane asilimia 3 ya bei, ada yake itakuwa Sh84,000. Kama anatoza VAT, ongeza asilimia 16 na jumla iwe Sh97,440. Inauma kidogo, lakini unaijua kabla ya kazi kuanza na unapewa risiti.

Sasa mlete broka wa cha juu. Anampata mtu wa kulipa Sh3.2 milioni. Wewe yako ni ile ile Sh2.8 milioni, yake ni Sh400,000. Hiyo ni zaidi ya mara nne ya ada ya ajenti. Najua kuna atakayesema, "Mimi shida yangu iko wapi? Si nimepata pesa niliyotaka?" Ngoja kwanza.

Mnunuzi mwenye akili zake atataka mkataba uonyeshe Sh3.2 milioni, kwa kuwa hizo ndizo zinazotoka mfukoni mwake. Mambo yakiharibika, hizo ndizo atakazodai arudishiwe. Na hapo ndipo ushuru unaingia. Sheria ya Ushuru wa Mapato inamwachilia mtu binafsi anayeuza ardhi kwa bei isiyozidi Sh3 milioni asilipe ushuru wa faida ya mauzo. Ukiuza kwa Sh2.8 milioni, uko huru. Ukiandikiwa Sh3.2 milioni, umevuka mstari. Kiwango cha ushuru huo ni asilimia 15 ya faida tangu Januari 1, 2023, kutoka asilimia 5 iliyokuwepo awali. Faida yako kwenye karatasi sasa ni Sh2.4 milioni, na asilimia 15 yake ni Sh360,000.

Unaweza kupunguza kiasi hicho ukionyesha KRA gharama zako, ukiwa na stakabadhi. Lakini ni broka gani wa kukutana naye hotelini atakuandikia risiti ya laki nne? Wewe umepokea Sh2.8 milioni, unadaiwa ushuru wa mtu aliyepokea Sh3.2 milioni. Jamaa amekula cha juu, na wewe ndiye umemlipia bili.

Ukweli ni kwamba kuna msamaha mwingine kwa ardhi ya kilimo isiyofika ekari 50 iliyo nje ya manispaa na miji. Lakini ploti nyingi ambazo sisi vijana tunanunua na kuuza ziko kwenye maeneo ambayo mji umeshayafikia. Usidhani msamaha huo ni wako kwa sababu bado unaona mahindi kwa jirani. Uliza.

Broka mjanja atakuja na dawa yake: "Tuandike 2.8, hizo zingine atanipa kando." Usikubali. Kabla mnunuzi alipe ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 4 ya thamani ya ardhi mjini na asilimia 2 mashambani, serikali hufanya ukadiriaji wake wa thamani. Mkataba ulio na bei ya uongo utabeba sahihi yako na ya mnunuzi. Jina la broka halimo popote kwenye karatasi hiyo. Kukiwa na kesi, yeye atakuwa ameshabadilisha laini ya simu.

Kuna hasara nyingine ambayo huionekani kwa macho. Ukiruhusu cha juu, broka wa kwanza anampigia wa pili, wa pili anampigia wa tatu, na kila mmoja anaongeza yake. Ploti moja inatangazwa kwenye makundi matatu ya WhatsApp kwa bei tatu tofauti. Mnunuzi makini akiona hivyo anaingiwa na shaka, anasema hii ni ardhi ya matapeli, anaenda zake. Wewe unakaa mwaka mzima ukilaumu soko, kumbe watu wamekuwa wakiikimbia bei ambayo hata hujawahi kuisikia.

Basi uuze mwenyewe? Kwa ploti ndogo, mahali panapojulikana, na wewe mwenyewe ukiwa karibu, mimi nasema ndiyo. Una kitu kimoja ambacho hakuna ajenti anacho: unaijua historia ya hiyo ardhi. Siku hizi historia ndiyo inayouza. Mnamo Aprili 2023, Mahakama ya Juu iliamua kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa, kuhusu ploti iliyo ufuoni Nyali. Majaji walisema kwamba kuwa na hatimiliki pekee hakutoshi ikiwa ardhi ilitolewa kinyume cha sheria tangu mwanzo. Hata aliyenunua kwa nia njema hakuokolewa na karatasi yake. Tangu hapo, wakili wa mnunuzi haridhiki na kufanya sachi kwenye sajili ya ardhi tu. Anauliza ulinunua kwa nani, na huyo naye aliipata wapi.

Swali hilo broka hawezi kulijibu. Wewe unaweza, kama ulitunza karatasi zako. Tafuta mkataba wa siku uliyonunua, stakabadhi za ushuru wa stempu, barua ya idhini kama ilihitajika, na ramani. Fanya sachi ya ardhi yako mwenyewe kabla mtu mwingine hajaifanya, maana huenda kuna mtu ameweka zuio na hujui. Mwite sorovea akuonyeshe bikoni, kwa sababu jirani anapojenga ukuta, bikoni huwa na tabia ya kutembea. Pia jua unauza ukubwa gani. Ploti ya 50 kwa 100 ni futi za mraba 5,000, lakini wengi huitangaza kama thumuni ya ekari, ambayo ni futi za mraba 5,445. Tofauti hiyo ndogo imevunja mikataba mingi siku ya kupima.

Mnunuzi wa kwanza wa kumuuliza ni jirani. Yeye haonyeshwi njia, anaujua udongo, anajua maji hufika lini, na huenda amekuwa akitamani kupanua boma lake miaka mingi. Baada yake, tafuta wanachama wa chama chenu au wa sacco. Ndipo uende mtandaoni, na uweke picha halisi na video fupi inayoonyesha njia kutoka barabarani hadi kwenye ploti.

Kuhusu bei, jifanye mnunuzi. Piga simu kwa matangazo matano ya eneo lako na uulize bei ya mwisho. Ukipata aliyenunua karibu nawe mwaka huu, muulize alilipa ngapi hasa, maana bei ya kutangaza na bei ya kuuza ni mbingu na ardhi. Kuna ripoti ambazo kampuni ya Hass Consult hutoa kila robo ya mwaka kuhusu bei za ardhi Nairobi na miji jirani kama vile Juja na Kitengela. Zinasaidia kujua upepo unakovuma, lakini wastani wa ekari hausemi lolote kuhusu ploti yako iliyo nyuma ya machimbo. Kama ni ardhi ya thamani kubwa, lipa mkadiriaji aliyesajiliwa. Ada yake ni ndogo kuliko kosa la bei.

Kuuza mwenyewe kuna mitego yake, na sitaki kukudanganya. Wa kwanza ni kutuma picha ya hatimiliki, kitambulisho na PIN ya KRA kwa kila anayeuliza. Hizo tatu zikikutana mikononi mwa tapeli, anaweza kujifanya wewe. Mpe mtu nambari ya ardhi afanye sachi. Nakala apewe mnunuzi ambaye umemwona, ameitembelea ploti na ana wakili. Hatimiliki ya asili ikae kwako au kwa wakili wako tu.

Mtego wa pili ni kudhani kwamba kuuza mwenyewe ni kuuza bila wakili. Ajenti unaweza kumruka, wakili usimruke. Sheria ya Mikataba inataka mauzo ya ardhi yawe kwa maandishi, yatiwe sahihi na pande zote mbili na yashuhudiwe. Karatasi ya daftari mliyoandikiana kwa chifu inaweza kukupeleka mahakamani badala ya kukuokoa. Na hiyo kazi ya kuandika hati za ardhi kwa malipo ni ya mawakili. Ajenti akikwambia atakuandikia mkataba "pamoja na huduma", mkimbie. Kwa kawaida mnunuzi hulipa amana ya asilimia 10 na hupewa muda, mara nyingi siku 90, kumaliza deni. Amana ipite kwenye akaunti ya wakili, na usitie sahihi fomu za kuhamisha umiliki zikaenda mkononi mwa mnunuzi kabla wakili wako hajahakikisha pesa zako ziko salama.

Mtego wa tatu uko nyumbani kwenu. Kama una mke au mume na ardhi ni mali ya ndoa, unahitaji idhini yake. Kama ni ardhi ya kilimo, unahitaji idhini ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi, na ombi linafaa kupelekwa ndani ya miezi 6 baada ya makubaliano, la sivyo mkataba ni bure. Na kama hatimiliki bado ina jina la babu aliyefariki, huna cha kuuza. Urithi haujakamilishwa, na Sheria ya Urithi inasema kuuza mali ya marehemu bila mamlaka ni kosa la jinai. Hata kama wajomba wote wamekubali kwa kikao na chai imenywewa, fuata kesi ya urithi kwanza.

Ajenti basi anafaa lini? Anafaa ukiwa Doha au Riyadh na huwezi kurudi kila mara mteja anapotaka kuonyeshwa ploti. Anafaa ardhi ikiwa katika kaunti ambayo humjui mtu. Anafaa ikiwa ni ploti ya biashara ya mamilioni mengi, ambayo wanunuzi wake hawapatikani kwenye status ya WhatsApp. Anafaa pia kama hujui kukataa. Kuna watu wakibembelezwa kidogo wanashusha laki mbili hapo hapo, na kwa mtu kama huyo ada ya asilimia 3 ni akiba.

Lakini ajenti wa kweli ana sura yake. Kenya ina Sheria ya Maajenti wa Mali, Sura ya 533, ambayo imekuwepo tangu miaka ya 1980, na inamtaka kila anayefanya kazi hiyo awe amesajiliwa na bodi yake, EARB. Uliza nambari ya usajili, kisha uithibitishe kwa bodi yenyewe. Shati la kola na gari la kukodi si leseni. Ukimpata, andikeni. Karatasi iseme bei unayouzia, asilimia yake, kazi hiyo ni ya miezi mingapi, na kwamba kila ofa itakayoletwa itakufikia kama ilivyo. Iseme hatapokea amana. Iseme pia kama analipwa na mnunuzi kwa upande wa pili, kwa sababu mtu anayelipwa na pande mbili hupigania ile inayolipa haraka. Ukikosa kuandika haya, hata ajenti aliyesajiliwa anaweza kugeuka broka.

Najua baadhi yenu mnaosoma hapa ndio hao mabroka. Kazi hakuna, digrii iko kabatini, na kuunganisha muuzaji na mnunuzi ni mojawapo ya hasla chache ambazo hazihitaji mtaji, zaidi ya bando na viatu vya kuvumilia matope. Sina vita nanyi. Anayetembea juani kuonyesha watu ploti anastahili kulipwa, na muuzaji anayekuruka baada ya wewe kumletea mteja ni mwizi kama mwizi mwingine. Mara nyingi ni tabia hiyo ya wauzaji iliyowafundisha mabroka kuficha bei.

Lakini cha juu kinakuumiza hata wewe. Siku muuzaji na mnunuzi wanapokutana kwa wakili na bei mbili zigongane mezani, dili inakufa na unarudi nyumbani bila nauli. Umeona hayo yakitokea. Afadhali ufanye kazi chini ya ajenti aliyesajiliwa, uitishe asilimia yako waziwazi, na uiandike kabla ya kumwonyesha mtu njia. Ukilipwa Sh40,000 leo na muuzaji akuelekeze kwa dadake mwenye ploti nyingine, umejenga jina. Laki nne ya mara moja inakufungia eneo zima.

Kwa wewe mwenye ardhi, jambo la kukumbuka ni moja. Ile ploti huenda ndiyo mali pekee yenye jina lako. Uliilipia kidogo kidogo, ukikatwa kila mwezi, ukikosa kwenda Naivasha na wenzako. Usiiuze kwa haraka ya wiki moja kwa mtu anayekuficha namba. Kama shida ni ya wiki hii, heri ukope kidogo kwa sacco, halafu uuze ploti kwa utaratibu, kuliko kuitupa kwa bei ya dharura.

Kwa hivyo yeyote atakayekuja na mteja, awe ajenti mwenye ofisi Westlands au kijana wa bodaboda anayeijua kila ploti mtaani, muulize kabla ya lolote: "Mnunuzi analipa pesa ngapi, na yako ni ngapi kati ya hizo?" Akikujibu mara moja, na akubali kuiandika, endeleeni na mazungumzo. Akianza kucheka na kusema, "Hiyo wachana nayo, wewe angalia yako," mshukuru kwa muda wake na ukate simu.